Nyonga ya Bo Jackson: Mfupa unapokufa ndani ya mwili ulio hai

WATU wengi hudhani kwamba mfupa ni kitu kikavu kisicho na uhai, mfano wa nguzo inayoshikilia paa la nyumba. Labda ni kwa sababu mifupa tunayoizoea ni ile inayobaki katika sahani baada ya nyama kuliwa. Lakini mfupa ulio ndani ya mwili wako, msomaji, ni kitu hai. Una seli zinazozaliwa na kufa, na una mishipa ya damu inayouletea chakula na oksijeni usiku na mchana. Ukinyimwa damu hiyo, hufa. Na ukishakufa hautoi harufu wala hauvimbi. Husimama papo hapo ukiendelea kubeba uzito wako, mpaka siku unapoporomoka.

Wiki hii tutaueleza ugonjwa huo kwa kufuata habari za mtu mmoja aliyekuwa na miguu yenye nguvu kuliko mingi iliyowahi kuonekana viwanjani. Jina lake ni Vincent Edward Jackson, maarufu kama Bo Jackson, mchezaji mstaafu wa kandanda ya Kimarekani.

Huenda wewe hujawahi kuutazama mchezo huo mpaka mwisho, na hakuna atakayekulaumu, maana husimama kila baada ya sekunde chache. Kwa ufupi, timu mbili za wachezaji 11 kila moja hugombea mpira wenye umbo la yai, ambao hubebwa mikononi. Wachezaji huvaa kofia ngumu na mavazi mazito ya kukinga mabega. Nafasi aliyocheza Jackson ni ya yule anayekabidhiwa mpira nyuma ya wenzake, kisha anakimbia nao akipenya katikati ya ukuta wa wapinzani mpaka aangushwe. Kila yadi anayosonga mbele huhesabiwa, na yadi moja haifiki mita moja. Kazi yake, kwa maneno mengine, ni kukimbia kasi kadiri awezavyo kuelekea kwa watu wenye uzito wa kilo 100 na zaidi wanaotaka kumwangusha. Si ajabu kwamba wengi wa wachezaji hao huwa wamekwisha kabla ya kutimiza miaka 30.

Jackson alizaliwa Novemba 30, 1962 katika mji wa Bessemer, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto wa nane kati ya kumi. Utotoni alikuwa na kigugumizi, na alikuwa mtundu kiasi kwamba jamaa zake walimfananisha na nguruwe dume. Jina Bo lilitokana na neno la Kiingereza la mnyama huyo. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Auburn alishinda tuzo ya Heisman ya mwaka 1985, ambayo hupewa mchezaji bora wa kandanda katika vyuo vikuu vya nchi hiyo.

Jambo lililomtenga na wengine ni kwamba alicheza michezo miwili ya kulipwa kwa wakati mmoja. Mwaka 1986 alikataa kujiunga na timu ya kandanda ya Tampa Bay iliyokuwa imemchagua wa kwanza kabisa nchini, akaenda kucheza besiboli na Kansas City Royals. Mwaka uliofuata, timu ya Los Angeles Raiders ilikubali kumsubiri amalize msimu wa besiboli ndipo ajiunge nayo kwa kandanda. Yeye mwenyewe aliiita kandanda kazi ya burudani tu.

Burudani hiyo iliwaumiza wengine. Novemba 30, 1987, siku aliyotimiza miaka 25, alikimbia yadi 221 katika mechi moja dhidi ya Seattle. Mbio moja kati ya hizo ilikuwa ya yadi 91, yaani kama mita 83, bila kuguswa na mtu wa kumzuia. Mwaka 1989 alikimbia nyingine ya yadi 92. Mwaka huo huo wa 1989 alitajwa mchezaji bora wa mechi ya nyota wa besiboli, na kwa msimu wa 1990 akachaguliwa miongoni mwa nyota wa kandanda. Hakuna aliyewahi kabla yake kuwa nyota wa michezo yote miwili. Alipokasirika baada ya kukosa mpira katika besiboli alikuwa akilivunja gongo la mbao juu ya paja lake, kama wewe unavyovunja kijiti cha kuwashia jiko.

Kumbuka paja hilo, msomaji, kwa sababu ndilo lenye habari yetu.

Januari 13, 1991 Raiders walicheza mechi ya mtoano dhidi ya Cincinnati Bengals mjini Los Angeles. Baada ya mapumziko, Jackson alipokea mpira akachomoka ukingoni mwa uwanja. Alikuwa amekwisha kwenda yadi 34 wakati beki wa Bengals alipomkamata mguu kutoka nyuma. Halikuwa pigo kali. Ukiitazama picha ya tukio hilo utasema ameangushwa tu kama kawaida. Lakini mguu ulishikwa huku mwili wenye zaidi ya kilo 100 ukiendelea mbele kwa kasi yote, na nguvu ile ile iliyomfanya asikamatike ndiyo iliyosukuma fupa la paja la kushoto nje ya mahali pake. Jackson amesimulia kwamba alihisi nyonga imetoka, naye akairudisha mwenyewe pale chini. Alitolewa uwanjani. Raiders walishinda 20-10, na Jackson hakucheza kandanda tena maishani. Alikuwa na umri wa miaka 28, na mechi 38 tu za ligi.

Bomba moja jembamba

Ili kuelewa kilichofuata, inafaa tuitazame nyonga yenyewe. Sehemu ya juu ya fupa la paja ina kichwa cha mviringo kama mpira mdogo. Kichwa hicho huingia ndani ya kikombe kilichoko katika fupanyonga, na hapo huzunguka kila upande unapotembea, unapochuchumaa au unapopanda matatu. Kati ya kichwa na kikombe kuna gegedu laini la kuzuia mifupa isisuguane. Chini ya kichwa kuna shingo nyembamba inayokiunganisha na sehemu nyingine ya fupa.

Sasa, karibu damu yote inayolisha kichwa hicho hupanda kupitia mishipa midogo inayoambaa juu ya shingo. Wakazi wa magorofa ya Nairobi wataelewa haraka. Fikiria jengo la ghorofa tano ambalo maji ya ghorofa ya juu hupanda kwa bomba moja jembamba lililopita nje ya ukuta. Bomba hilo likikatwa, jengo halianguki. Taa huendelea kuwaka, na mpita njia hatambui lolote. Lakini wanaoishi juu hawana maji, wala hakuna njia nyingine ya kuwafikishia.

Ndivyo inavyokuwa kichwa cha fupa la paja kinapofyatuka kutoka katika kikombe chake. Mishipa ile huvutwa, hupindwa au hukatika. Mfupa ukirudishwa mahali pake mapema, mingine huweza kupona. Ukikaa nje muda mrefu, uwezekano huo hupungua saa baada ya saa. Ndiyo sababu madaktari wa mifupa huhimiza nyonga iliyoteguka irudishwe kabla ya muda wa saa sita kupita tangu ajali, na ikiwezekana mapema zaidi. Hata hivyo, kuirudisha haraka si hakikisho. Nyonga ya Jackson ilirudi mara moja, lakini damu haikurudi.

Seli za mfupa uliokosa damu hufa katika muda wa saa chache au siku chache. Mgonjwa hajui. Maumivu ya ajali hupungua, naye hufikiri anapona. Mwili nao hujitahidi: huanza kuula ule mfupa mfu na kujenga mwingine badala yake. Tatizo ni kwamba kubomoa huenda haraka kuliko kujenga. Kichwa kilichokuwa kigumu hubaki na vitundu ndani, na kila hatua unayopiga hukikandamiza. Mwisho hubonyea kama ganda la yai lililominywa kwa kidole. Kutoka siku ya ajali mpaka siku hiyo huweza kupita miezi kadhaa, miaka miwili, au zaidi.

Katika habari za Jackson mambo yalikwenda mbio. Ilipofika Machi 1991, miezi miwili tu baada ya kuumia, madaktari walikuwa wamegundua kwamba kichwa cha fupa lake kinakufa na gegedu linaharibika. Royals walimwacha mwezi huo huo. Mapema Aprili, timu ya besiboli ya Chicago White Sox ilimwandikisha akiwa bado anatembelea gongo. Alifanya mazoezi kwa bidii, na mwanzoni mwa Septemba alirudi uwanjani akacheza mechi 23. Mashabiki walishangilia. Lakini kufikia majira ya kuchipua ya 1992 hakuweza tena kukimbia sawasawa. Mazoezi hukuza misuli. Hayafufui mfupa.

Si ugonjwa wa wanamichezo pekee

Usifikiri kwamba haya ni mambo ya matajiri wa Los Angeles. Ajali inayofyatua nyonga kwa wingi kuliko zote duniani ni ya barabarani. Abiria aliyeketi kiti cha mbele bila mkanda, goti likiwa limekunjwa, gari linapogonga, goti lake hupiga dashibodi. Nguvu ya pigo hilo husafiri ndani ya fupa la paja na kulisukuma nyuma nje ya kikombe chake. Aliyeketi nyuma ya dereva goti likigusa chuma cha kiti kilicho mbele yake yumo katika hatari hiyo hiyo.

Utamtambuaje? Mguu huonekana mfupi kuliko mwenzake, paja limekunjika kidogo, na goti na vidole vimegeukia ndani. Mgonjwa hawezi kuunyoosha, na hupiga mayowe ukijaribu. Usiuvute. Usimwite mkandaji, hata kama ni yule aliyemponya jirani kifundo cha mguu. Kuvuta nyonga bila dawa ya usingizi na bila picha ya eksirei huweza kuvunja shingo ya mfupa na kumalizia mishipa michache iliyobaki. Mlaze juu ya kitu kigumu kama ubao, uuache mguu ulivyo, umpeleke hospitali yenye eksirei na daktari wa mifupa. Na hapa kuna jambo linalosahaulika mara nyingi: ikiwa goti ndilo lenye jeraha na damu, macho ya wote huenda kwenye goti. Omba nyonga nayo ipigwe picha. Uulize bila haya.

Kuna wengine ambao nyonga yao hufa bila kuanguka wala kugongwa. Wa kwanza ni wenye ugonjwa wa selimundu, ambao seli zao nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Ugonjwa huu tunaujua sana magharibi mwa Kenya, Nyanza na Pwani. Kijana mwenye selimundu anayelalamika kila mara kuhusu nyonga asiambiwe tu kwamba ni maumivu yake ya kawaida.

Wa pili ni wanaotumia dawa za steroidi kwa wingi au kwa muda mrefu, kwa mfano prednisoloni na deksamethasoni. Dawa hizi huokoa maisha zinapoandikwa na daktari, na aliyeandikiwa hapaswi kuziacha ghafla kwa kuisoma makala hii, kwani kuziacha ghafla kuna hatari yake. Shida ni zile zinazonunuliwa dukani kama peremende, kwa maumivu ya viungo, kwa mwasho wa ngozi, au na wale wanaotaka kunenepa. Mtu huzimeza mwezi baada ya mwezi, mashavu yanajaa, anasifiwa kuwa amenawiri, kumbe huko ndani nyonga zote mbili zinakauka. Unywaji wa pombe kupita kiasi kwa miaka mingi huleta madhara hayo hayo, na watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi pia wamo katika hatari kubwa kuliko wengine.

Hata watoto hawakuachwa. Kuna aina inayowapata watoto wa umri wa kati ya miaka minne na kumi, zaidi wavulana. Mtoto huanza kuchechemea bila sababu inayojulikana na kusema goti linamuuma. Mzazi hulitazama goti, halina kitu. Nyonga inapougua, maumivu mara nyingi hujitokeza kwenye kinena, kwenye paja au kwenye goti, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya sehemu hizo ni mamoja. Mtu anayeshika tako na kusema "nyonga inaniuma" mara nyingi shida yake iko mgongoni.

Ukiwa na maumivu ya kinena yanayozidi unapotembea na yasiyoisha kwa wiki kadhaa, hasa ikiwa umo katika makundi tuliyoyataja, nenda ukapimwe. Lakini fahamu kwamba picha ya eksirei ya siku za mwanzo huweza kuonyesha mfupa mzima kabisa ilhali umekwisha kufa. Mashine ya MRI ndiyo inayougundua mapema. Gharama yake si ndogo, na hapo ndipo wengi wetu hukata tamaa. Hata hivyo ugonjwa ukigunduliwa kabla kichwa hakijabonyea, daktari huweza kutoboa tundu katika mfupa ili kupunguza shinikizo na kuipa mishipa mipya nafasi ya kuota, na mgonjwa hupewa magongo asiukanyagie mguu kwa muda. Si kila mmoja hupona kwa njia hiyo. Kikishabonyea, tiba inayobaki kwa wengi ni kuweka nyonga bandia.

Chuma na plastiki

Hiyo ndiyo njia aliyoifuata Jackson. Aprili 1992 alifanyiwa upasuaji. Katika upasuaji kama huo, kichwa kilichokufa hukatwa na kutupwa. Mhimili wa chuma huchomekwa ndani ya fupa la paja, juu yake huwekwa mpira wa madini au wa kauri, nao huzunguka ndani ya kikombe kipya ambacho mara nyingi hutandazwa plastiki ngumu. Maumivu hupungua sana, na wagonjwa wengi husimama katika siku moja au mbili. Lakini sehemu hizo husagika kwa matumizi, kama tairi la gari. Siku hizi nyingi hudumu miaka 20 na zaidi. Wakati ule madaktari walisita kumwekea mtu wa miaka 29, sembuse kumruhusu kukimbia nayo.

Jackson alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atacheza tena. Mama huyo alifariki mwaka 1992 kabla ya kuiona siku yenyewe. Aprili 9, 1993, katika uwanja wa White Sox mjini Chicago, aliingia kupiga mpira kwa mara ya kwanza akiwa na nyonga ya bandia, na kwa mzungusho wake wa kwanza wa gongo aliupeleka mpira nje ya uwanja. Msimu huo alipiga mipira 16 ya namna hiyo, akatajwa mchezaji bora miongoni mwa waliorejea baada ya kuumia. Mwaka 1994 alihamia California Angels, mgomo wa wachezaji ukaukatiza msimu mwezi Agosti, na mwaka 1995 akatangaza kustaafu.

Kuna wanaoitumia habari hii kuwaambia wagonjwa kwamba nyonga bandia humrudisha mtu katika kila kitu. Hapana. Tazama vizuri alichokiacha. Besiboli ni mchezo wa kusimama, kupiga na kukimbia mara chache, na hata huo aliucheza kwa misimu miwili tu, akiwa hana tena ile kasi iliyomfanya aogopwe. Kandanda, mchezo wa kugongana, hakuugusa tena. Mpira wa chuma ukifyatuka kutoka kikombe cha bandia, au mfupa ukivunjika kando ya ule mhimili, kazi ya kuurekebisha ni ngumu kuliko upasuaji wa kwanza.

Yadi zake zote za kandanda, ukizijumlisha, ni 2,782. Ni kama kilomita mbili na nusu, umbali ambao mtu wa kawaida hutembea kwa nusu saa hivi. Wako waliokimbia mara tano na sita ya hizo. Mwaka 1989 kampuni ya Nike ilimfanya uso wa matangazo yake, na hadi leo Wamarekani waliozaliwa baada ya yeye kustaafu bado wanamjua.

Yeye mwenyewe hauoni mchezo ule kama wanavyouona mashabiki wake. Mwaka 2017 aliliambia gazeti moja la Marekani kwamba kama angejua wakati huo yale yanayojulikana sasa kuhusu majeraha ya kichwa katika kandanda, asingeucheza kamwe, na kwamba hawezi kuwaruhusu wanawe waucheze. Hakuitaja nyonga.

Zoezi analolipenda uzeeni ni baiskeli. Vimbunga vilipoiharibu Alabama mwezi Aprili 2011, aliandaa msafara wa baiskeli wa kuwachangia waathiriwa, na mwaka 2012 akaendesha takriban maili 300 kulikatiza jimbo hilo kwa siku tano. Daktari yeyote wa mifupa angemuunga mkono. Baiskeli, kuogelea na kutembea huimarisha misuli inayoizunguka nyonga bila kuigonga. Kwa mwenye nyonga bandia, kiti cha baiskeli kiwe juu kiasi cha kutosha ili goti lisipande kupita usawa wa kiuno, na katika wiki za kwanza baada ya upasuaji aanze na ile isiyosogea, ya ndani ya chumba cha mazoezi, mpaka daktari atakapomruhusu kwenda barabarani.